Tangi Moja Hadi Kamachumu

Jumapili, 7 Septemba

Wamekubali! Mabula wangu anaoa. Anaoa kwa Wahaya, Kamachumu, binti wa mwalimu. Koku. Muuguzi, mrefu, mpole, na akicheka unapenda kuchekesha tena.

Nimerudi Buswelu mchana huu na safari bado iko miguuni. Nimewapa kuku maji. Nikasahau kama nimewapa, nikawapa tena.

Kwa desturi mama wa kijana hakai mbele kwenye posa. Mimi nilikaa mbele. Wanaume wetu walikuwa wanaongea kama watu walioenda kuomba chumvi kwa jirani. Shemeji Charles, mdogo wake marehemu baba Mabula, ndiye tuliyempa usemaji, na yeye akisema neno moja anapumzika. Wenzetu wale wanajua kujisifu, hilo nchi nzima inajua. Walisifu shule zao. Walisifu kahawa. Mpaka mteremko wa kwenda kisimani kwao waliusifu. Nikaona tunazama. Nikafungua mdomo.

Nikawaambia kijana wangu ni injinia mgodini Geita. (Ni fundi umeme. Lakini umeme ukikatika, injinia anakaa gizani akimsubiri yeye.) Nikawaambia habari za gari lake la spoti, jekundu, milango miwili, lililopakiwa melini Japani.

Hapo Mwalimu Felician, baba yake Koku, akatabasamu. Mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa uzi. Akasema gari analijua. Kijana alipokuja kujitambulisha mwezi wa saba, aliingia nalo kwenye migomba likinguruma, na kabla hata ya shikamoo akauliza sheli iko wapi. Akasema anayelisha gari namna ile, mke atamlisha nini?

Watu wakacheka. Damu ikanipanda. Nikasema, "Mwalimu, gari la mwanangu halinywi mafuta. Linaonja."

Ningeishia hapo. Sikuishia. Nikasema siku ya kuleta mahari tutajaza tangi Mwanza, na hatutaongeza hata tone mpaka hapa mlangoni kwake.

Mwalimu akavua miwani. Akawauliza wote kama wamesikia. Wote walikuwa wamesikia. Akasema siku hiyo atauchungulia mshale wa mafuta yeye mwenyewe, na mimi nitakaa ndani ya gari niwe shahidi wake. Tukifika kwa tangi hilo hilo, siku ya harusi itatajwa papo hapo. Tukishindwa, kijana auze gari kwanza, ndipo tuanze upya maongezi ya harusi.

Wakapiga makofi. Na mimi nilipiga.

Tarehe ishirini na saba mwezi huu. Naona fahari. Nimewaangusha Wahaya kwa majigambo, nyumbani kwao.

Jumanne, 9 Septemba

Nimemweleza Mabula kwa simu.

Akasema, "Mayu, ungeniuliza kwanza."

Siku hizi ananiita mama. Mayu ni la zamani, la utotoni, alipokuwa akiumwa au akiogopa. Nikajua kuna jambo.

Anasema tangi lake likijaa pomoni, akiendesha kama anavyoendesha, linaishia Biharamulo. Biharamulo! Kutoka hapo hadi Kamachumu ni mbali, na mwishoni ni kupanda tu. Nikamwambia basi asiendeshe kama anavyoendesha. Akasema gari lile halikutengenezwa kwa ajili ya kutembea polepole. Nikamwambia hata yeye hakutengenezwa kwa ajili ya kuamka mapema, lakini nilimfundisha.

Nilisema hivyo kwa sauti ya juu. Halafu nikakata simu, nikakaa chini.

Nimefikiria kumpigia Mwalimu nimwombe tuliache jambo hili. Haiwezekani. Neno lililosemwa kwenye posa halirudi nyumbani na msemaji wake. Linabaki kule kule, linakula nao ndizi.

Alhamisi, 11 Septemba

Nimejifunga zaidi. Jumapili, kabla sijaongea na Mabula, niliwasimulia akina mama wa jumuiya. Wote. Sasa kila anayekuja dukani kununua chakula cha kuku anauliza habari za tangi moja. Muuza mkaa ameuliza. Mwenyekiti wa mtaa ameuliza.

Leo amekuja wifi Minza, dada wa marehemu mume wangu. Huyu hajawahi kunihurumia tangu nilipoolewa, na mimi sijawahi kumhurumia yeye, ndivyo tunavyopendana. Akakaa juu ya gunia la pumba, akasema, "Wifi, umejifunga kamba shingoni, halafu ukampa mkwe wako ncha ashike."

Nikamwambia anaona wivu kwa sababu gari lina viti viwili na yeye hana kiti. Atapanda gari la Noah na kina Charles.

Akasema afadhali Noah. Wao wakiishiwa mafuta watanunua.

Jumamosi, 13 Septemba

Mabula amekuja kwa ajili ya mazoezi. Gari lilipoingia uani kuku wote walipanda juu ya banda. Jogoo pia. Aibu.

Kuingia ndani ya gari lile ni kama kuingia kisimani. Unashuka. Unazidi kushuka. Kiti kinakukumbatia mapajani kama kiatu cha mtoto kwenye mguu wa mtu mzima. Mimi ni mwanamke wa kujaa, sijawahi kulionea haya hilo, lakini leo mkanda ulikataa kufika mpaka Mabula akausukuma kwa goti.

Tumekwenda Usagara na kurudi. Kiyoyozi kimezimwa, maana kinakula mafuta. Vioo vimefungwa, maana tukishika mwendo upepo unaingia na kulivuta gari nyuma, nalo linakula zaidi. Hivyo ndivyo alivyoambiwa na fundi mwenzake wa mgodini. Tairi zimejazwa upepo vizuri, maana tairi legevu inaburuzwa. Buti limeondolewa mizigo yote. Spika zake mbili kubwa ziko chumbani kwangu sasa. Nimezitandika kitambaa, nimeweka maua juu.

Yote hayo amefanya. Lakini mguu! Mguu wake ndio ugonjwa. Mbele yetu kukiwa wazi anakanyaga kama ameona moto. Tuta likitokea anafunga breki. Akilivuka, moto tena. Gari likiunguruma uso wake unang'aa, nami nauona uso ule ule wa mtoto aliyekuwa anateremka na baiskeli mawe ya Igoma akiwa ameachia mikono. Naupenda uso ule. Leo nimeuchukia.

Mshale ulikuwa unainama tukiutazama, kama mzee anayesinzia ibadani.

Tulipofika nyumbani sikuweza kutoka. Nilivutwa mkono huu na Mabula, mkono huu na muuza mkaa. Watu wamesimama. Nikawaambia siti za spoti ndivyo zilivyo, zinampenda mtu.

Jumapili, 14 Septemba

Mgongo. Sijaenda kanisani. Mabula amerudi Geita kwa kishindo. Nimemsikia mpaka njia panda.

Kama harusi hii itavunjika, itakuwa imevunjwa na mdomo wangu na mguu wake.

Jumamosi, 20 Septemba

Leo nimegundua kitu. Niandike nisije nikasahau kwamba ni mimi niliyegundua.

Mteja wangu wa Magu alikuwa anataka vifaranga wa siku moja, boksi zima. Kwa kawaida nawatuma kwa basi. Mabula alipofika nikamwambia, leo mazoezi yetu ni ya Magu, na vifaranga ninawapakata mimi.

Kifaranga wa siku moja ni kitu chepesi kuliko neno. Gari likichomoka, wote wanaserereka nyuma. Breki ikifungwa, wote wanaserereka mbele, wanarundikana pembeni mwa boksi, wa chini anakosa hewa. Hapo wanalia kwa kelele moja kali. Wakiwa salama wanalia pia, lakini kidogo kidogo, kila mmoja na lake, kama akina mama kabla padri hajaingia.

Tulipotoka Kisesa Mabula akachomoka. Kelele. Nikamwambia, "Unaniulia vifaranga."

Akalegeza. Wakatulia. Likaja tuta, akafunga breki. Kelele tena. Niliinua tu mfuniko akaona walivyorundikana. Mwanangu ana huruma, hilo hakulipata kwa mtu mwingine. Tangu hapo akaanza kuangalia mbali. Akiona tuta kule mbele anaondoa mguu mapema, gari linapungua lenyewe, tunalivuka polepole, kisha anakanyaga kama anayepanda kitanda alicholala mgonjwa. Gia anabadilisha mapema kabla injini haijaanza kulalamika. Kwenye mteremko nilimwambia atoe gia tuserereke bure. Akakataa, akasema ikiwa kwenye gia na mguu ukiwa juu, gari linajishikilia lenyewe na halinywi kitu. Nikakubali. Na mimi huwa nakubali.

Joto lilikuwa la kupikia. Vifaranga wanapenda joto. Mimi sipendi. Nililowa mpaka ushungi. Nimekaa mle ndani nimebanwa mapaja, nimebanwa tumbo, boksi juu, vioo vimefungwa, nje naona watu wanatembea na upepo kwenye nguo zao. Niliwaonea wivu hata mbuzi.

Lakini tulipofika Magu mshale ulikuwa haujasogea sana. Na hakufa hata mmoja.

Mabula amekaa muda mrefu akiutazama ule mshale. Akasema hajawahi kuuona ukisimama. Halafu akasema, polepole, kwamba Koku naye huwa anashikilia mlango akiwa ndani ya gari hilo, na yeye alikuwa anadhani anafurahi.

Jumatano, 24 Septemba

Wifi Minza amenishauri nifiche dumu la mafuta ndani ya gunia la mchele. Anasema hata Mtume Petro angefanya hivyo.

Nilifikiria. Siwezi kujidanganya humu, nilifikiria mpaka mchana. Halafu nikakataa. Si kwa utakatifu. Yule mzee hakuweka askari, hakuweka lakiri kwenye tangi. Ameniweka mimi. Angenifungia kwa kufuli ningevunja kufuli. Amenifungia kwa kuniamini, na sasa sijui pa kutokea.

Nina hasira naye. Mwalimu kabisa.

Ijumaa, 26 Septemba

Kesho. Tangi limejazwa jioni hii nikiwa nimesimama pale pale. Charles na wifi wanatangulia na Noah alfajiri. Sisi tutabeba mchele wa Magu, gunia dogo, na boksi la vifaranga zawadi ya mama yake Koku. Mabula alitaka mchele upande Noah. Nikasema mchele wa zawadi lazima ushuke kwenye gari jekundu, watu waone.

Nguo yangu ni ile ya zambarau. Nataka nikishuka pale mlangoni, hata migomba igeuke.

Naogopa.

Jumapili, 28 Septemba

Naandikia Kamachumu, nyumbani kwa wakwe, kwenye chumba walichonipa. Wengine wako ibadani. Niandike yote, maana nikianza kusimulia nyumbani nitayapamba.

Jana tulitoka vizuri. Daraja la Kigongo hadi Busisi tulivuka juu ya ziwa kama watu wa picha. Zamani hapo tulikuwa tunasubiri kivuko mpaka mahindi ya kuchoma yanakwisha. Mabula aliendesha kwa upole mpaka malori yakatupita. Lori la ng'ombe lilitupita, ng'ombe wakatuangalia. Gari la spoti! Kwenye kila mji vijana wa bodaboda walikuwa wanatupungia akanyage, wasikie mlio. Nilimwona anameza mate. Hakukanyaga. Vifaranga walikuwa wananong'ona tu. Geita. Katoro. Biharamulo tukaipita na mshale bado unapumua. Nikaanza kuimba.

Baada ya Biharamulo vilima vikaanza. Upepo wa mbele. Jasho. Miguu yangu ikafa ganzi, nikawa siisikii. Nikaomba tusimame kidogo, Mabula akasema kuliondoa gari pale lilipolala ndiko kunakokula kuliko yote. Nilihisi kama nimezikwa nikiwa nimekaa.

Tulipofika Muleba taa ya mafuta ikawaka. Ya rangi ya chungwa.

Akasimama pembeni. Akasema kilichobaki kingetosha kama njia ingekuwa tambarare. Lakini kutoka hapo ni kupanda tu, na gari lina mzigo. Aliposema mzigo aliangalia gunia la mchele. Hakuniangalia mimi. Lakini najua uzito wangu na najua uzito wa mchele.

Nikamwambia, "Nishushe."

Akakataa. Nikamwambia mimi ndiye niliyemtia kwenye shimo hili, basi aache nitoke ili yeye apande. Akakataa tena. Nikamwambia ni amri. Akanivuta, wakaja wanawake wawili wauza nanasi wakasaidia, nikatoka kama mhogo. Tukashusha mchele. Tukashusha vifaranga. Nikamwambia atangulie, mimi nitapata gari la abiria, awaambie nakuja. Nikamnyooshea kola. Akaenda polepole, hata vumbi hakutimua.

Nikakaa juu ya gunia na nguo yangu ya zambarau. Upepo ulinipiga usoni. Raha niliyoipata, Mungu anajua. Halafu nikaanza kulia. Siku zote zile nilikuwa namwona Mabula akifika na mimi nashuka upande wa pili. Akina mama wa jumuiya niliwaahidi picha. Sasa gari linaingia bila mimi, nami nitafika nyuma na ndoo za watu. Iliniuma. Lakini nikasema, potelea mbali, harusi itakuwepo.

Sikupata gari. Zilizokuja zote zilikuwa zimejaa.

Simu ikaita. Wifi Minza. Hakunitania, na hapo nikajua ni mabaya. Akasema gari lilifika, watu wakapiga vigelegele, Mwalimu akatoka, akainama dirishani, akauona mshale bado uko juu ya mstari wa mwisho. Akatikisa kichwa kwa kukubali. Halafu akatazama kile kiti kingine.

Akauliza, "Mama yako yuko wapi?"

Mabula akamweleza. Mwalimu hakupandisha sauti. Akasema, "Umemshusha mama yako njiani ili mafuta yatoshe. Binti yangu utamshusha kituo gani?"

Akaingia ndani. Akafunga mlango. Koku amekaa jikoni anatazama ukuta.

Na mimi nilikuwa shahidi! Nilisahau kabisa. Nilikazana na mshale mpaka nikasahau kwamba mzee hakuomba mshale peke yake, aliomba mshale na mimi. Nikaona nimekwisha. Nikishuka nimeharibu, nisingeshuka ningeharibu. Pande zote ukuta, na ukuta nimeujenga mwenyewe kwa mdomo.

Nilikuwa bado na simu sikioni nikausikia. Mlio ule. Kutoka kule juu, unateremka, unapanda, unakata kona, injini inalia kama siku ile kuku walipopanda juu ya banda. Wauza nanasi wakasimama. Mabula alikuja kwa mwendo ambao ningempiga kofi, akafunga breki mbele yangu, vumbi likatufunika wote.

Nikamwambia, "Umeyamaliza mafuta, mjinga wewe."

Akasema, "Mayu, panda."

Macho yalikuwa mekundu. Nikapanda. Mchele ukapanda. Vifaranga wakapanda. Akafungua vioo vyote viwili bila kuniuliza, akawasha kiyoyozi pia, vyote kwa pamoja, kama mtu aliyechoka na dunia. Tukapanda ule mlima na upepo masikioni. Sikumwambia apunguze.

Tukaishiwa kabla ya kufika. Gari lilikohoa, likatingishika, likanyamaza, katikati ya migomba ya watu. Tuliweza kuona moshi wa jikoni kwao kule juu. Mabula akashuka kusukuma. Nikataka kushuka nimsaidie. Kiti kikanikatalia. Nikabaki mle nimepakata boksi langu, nasukumwa na mwanangu peke yake, hatuendi popote.

Ikaja pikapu ya ndizi. Dereva akacheka mpaka akashika kiuno, halafu akatoa kamba. Ndivyo tulivyoingia ukweni. Gari la spoti, jekundu, linavutwa na ndizi, mimi mbele nimevaa zambarau, vifaranga wanalia wote kwa mpigo. Watu wakatoka. Hakuna aliyepiga kigelegele. Wifi Minza aliweka kiganja mdomoni.

Mwalimu akafungua mlango wa nyumba. Akaja taratibu. Akainama, akauchungulia mshale. Ulikuwa umelala chini kabisa, umekufa.

Nikaona nisimsubiri. Nikasema, "Mwalimu, gari hili linakunywa. Halijawahi kuonja. Nilisema uongo kwenye posa. Na Muleba nilishuka kwa amri yangu, kijana alikataa. Ni hayo niliyoyaona, mimi shahidi wako."

Mwalimu akainuka. Akamtazama Mabula, shati limeloa, mikono ina vumbi la gari. Akamwuliza mafuta yalimalizikia wapi. Mabula akasema, kwenye kumfuata mama. Akamwuliza kama angeweza kumfuata polepole yakatosha. Mabula akafikiria. Akasema labda yangetosha, hapo akakumbuka na shikamoo, lakini hakutaka mama akae pale barabarani.

Mwalimu akafungua mlango wangu. Akanipa mkono. Sikutoka. Akaongeza mkono wa pili. Sikutoka. Akamwita Mabula, akamwita na dereva wa ndizi, wakanivuta wote watatu, na nilipochomoka nikamwangukia Mwalimu kifuani, miwani yake ikaruka. Hapo ndipo mama yake Koku alipoanza kucheka. Akacheka mpaka akakaa chini. Koku akatoka jikoni. Wifi Minza akapiga kigelegele ambacho nadhani Mwanza walikisikia.

Mwalimu akatafuta miwani yake chini, akaivaa, uzi umekatika.

"Karibuni," akasema. "Chakula kinapoa."

Tumekula. Ndizi zao nzuri, nakiri, ingawa nimewaambia za kwetu ni kubwa zaidi. Mahari imepokelewa. Gari hakulitaja tena. Siku imetajwa.

Jumatano, 1 Oktoba

Buswelu. Kuku wazima. Wawili wametaga nje.

Mabula amelala hapa juzi na jana, leo asubuhi amerudi kazini Geita. Nilikuwa dukani napima pumba. Nikageuka kuangalia uani, gari halipo. Ameondoka, sikusikia. Jogoo alikuwa amesimama pale pale lilipokuwa, anakwangua chini.

Gari halijauzwa. Mabula anasema Koku akitaka litauzwa. Koku hajasema. Amesema tu spika zisirudi, kwa hiyo zimebaki chumbani kwangu na maua yake.

Akina mama wa jumuiya wamekuja kuuliza habari za tangi moja. Nimewaambia ukweli. Tuliingia kwa kamba. Nikawaambia pia kwamba hakuna mkwe mwingine aliyewahi kuingia Kamachumu akiwa amevutwa, wamtaje kama wanamjua. Hawamjui.

Mama yake Koku amepiga simu. Vifaranga wanaendelea vizuri, amewaweka karibu na jiko. Anauliza siku ya harusi walale wapi, maana wako wengi. Nimemwambia kwangu kuna nafasi. Hakuna, lakini itakuwepo. Nimeshaanza kuhamisha magunia.

Nimekaa mlangoni sasa. Upepo unatoka ziwani. Nimenyoosha miguu yote miwili.

Wanakuja wote, Mwalimu, mama yake Koku, ukoo mzima, na dereva wa pikapu ya ndizi ambaye nimemwalika mwenyewe. Jumamosi, tarehe ishirini na mbili Novemba.